Farasi Jike Mmoja, Daftari Moja: Namna ya Kujifunza Kuzalisha na Kufunza Farasi Lubumbashi

Wanafunzi wa udaktari wa mifugo wanaotoka Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kuja kufanya staji (mafunzo ya kazi) kwenye mabanda ninayoyasimamia wanajua jina la kila homoni inayoendesha mzunguko wa farasi jike. Wengi wao hawajawahi kumgusa farasi. Hilo si ajabu: Lubumbashi ina farasi wachache, na mtoto wa mitaa ya Katuba au Ruashi hukua akiona mbuzi, kuku na nguruwe. Ukimkabidhi farasi kwa mara ya kwanza, anasimama mahali pabaya, anashika kamba vibaya, halafu anaogopa. Na farasi anajua.

Ninavyofundisha mimi ni hivi: mwanafunzi anapewa farasi jike mmoja. Anamfuata tangu joto, yaani siku anazomkubali dume, mpaka mtoto wake avae hatamu, na kila anapokuja anakuta kazi ya mikono inamsubiri juu ya mnyama huyo huyo. Kuzunguka mabanda yote ukitazama mgongoni mwa daktari hakukufundishi kitu. Maelezo yanayofuata ni kwa mwanafunzi anayetaka kuanza, na kwa mwalimu mwenzangu anayetaka kuandaa staji ya namna hii, hata kama ana farasi wawili tu.

Kalenda kwanza

Mimba ya farasi huchukua siku 340 hivi. Mtoto akizaliwa kati ya siku ya 320 na ya 365 usishtuke. Kwa hiyo mwaka mmoja wa masomo hautoshi. Anza ukiwa mwaka wa kabla ya mwisho, ili ukifika mwaka wa mwisho umkute jike wako anakaribia kuzaa.

Katika nchi za baridi, farasi jike husimamisha mzunguko wake wakati siku ni fupi. Kwetu, nyuzi 11 na zaidi kusini ya ikweta, siku ndefu ya Desemba inazidi siku fupi ya Juni kwa saa moja na ushei tu. Kwa hiyo mwanga hauna nguvu sana hapa. Nyasi ndizo zinazoamua mengi. Jike aliyekonda mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, haonyeshi joto la kuaminika. Anza kumrudishia mwili tangu Agosti: mbavu zake uziguse kwa vidole bila kuzitafuta, lakini usizione ukisimama mbali. Akipandwa Desemba atazaa karibu na Novemba ya mwaka unaofuata, mvua zikianza na nyasi changa zikichipua, na maziwa yake yatapata chakula cha kuyatengeneza. Akizaa Aprili, atanyonyesha kiangazi chote juu ya nyasi zilizokauka, na utalipa tofauti hiyo kwa magunia ya chakula.

Siku za mwanzo: kusimama, kugusa, kuandika

Farasi anaona karibu pande zote isipokuwa moja kwa moja nyuma yake na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Mkaribie kwa upande wa bega, ukiongea. Mzee anayewatunza farasi wetu, ambaye wanafunzi wote wanamwita Papa, huwa anasimama mlangoni mwa banda na kumrudisha kila anayeingia kimyakimya: "Mwana, haujamuambia farasi kama umekuya." Mwanafunzi anajibu, "Ndiyo, Papa," anatoka nje na kuingia upya akiongea. Ninamwachia Papa kazi hiyo kwa sababu anaijua kuliko sisi wote tuliosoma.

Kamba usiizungushe mkononi kamwe. Ikunje kwa mikunjo iliyolala juu ya kiganja, ili farasi akiruka kamba ikutoke bila kuondoka na vidole vyako. Vaa viatu vigumu vya ngozi. Sandali ziache langoni.

Kisha pima. Mapigo ya moyo yanapatikana kwenye mshipa unaopita ukingo wa ndani wa taya: telezesha vidole mpaka uhisi kama uzi mnene unaokimbia chini ya ngozi, ubonyeze polepole juu ya mfupa. Farasi mzima aliyetulia ana mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, na joto la mwili kati ya 37.5 na 38.5. Sikiliza tumbo pande zote mbili, juu na chini ya ubavu. Tumbo la farasi linapaswa kunguruma. Kimya ni habari mbaya, kwa sababu farasi hawezi kutapika na msokoto wa tumbo unaweza kumuua kwa saa chache. Andika namba hizi kila unapofika. Baada ya wiki kadhaa utaijua kawaida ya jike wako mwenyewe, na siku moyo wake unapiga 52 akiwa amesimama tu kivulini hutahitaji mtu wa kukuambia kwamba kuna jambo.

Joto na kupandisha

Mzunguko ni siku 21 hivi, na joto lenyewe hudumu siku 5 hadi 7. Yai hutoka siku moja au mbili kabla ya joto kuisha. Njia ya kulijua joto ni dume. Mlete dume upande wa pili wa ukuta wa mbao ulio imara, jike abaki upande wake, halafu mtazameni. Asiye na joto analaza masikio, anapiga kelele kali na kurusha teke kwenye mbao. Mwenye joto anasogea mwenyewe, anainua mkia, anachuchumaa kidogo, anatoa mkojo kidogo kidogo na kufungua na kufunga midomo ya uke. Jike anayenyonyesha anaweza kuficha dalili zote kwa kumhofia mtoto wake, kwa hiyo mtoto awe mahali anapoweza kumwona.

Kabla ya siku hiyo, damu za wote wawili ziwe zimepimwa. Ugonjwa wa dourini huenea kwa kupandana na hauna chanjo. Tazama pia ukoo: mji ukiwa na madume wachache, ni rahisi sana dume kupandishwa kwa binti yake bila mtu kukumbuka. Fuatilia wazazi na mabibi mpaka mwisho wa kumbukumbu, na pale karatasi inapokosekana waulize wazee wa mabandani. Usitumie dume kwa sababu tu ndiye aliye karibu. Angalia miguu yake anavyotembea kwenye ardhi ngumu, angalia kwato, na zaidi ya yote angalia anavyokubali kushikwa. Dume mkali anayezaa watoto wakali ni mzigo kwa kila atakayewashika kwa miaka 20 na zaidi.

Siku ya kupandisha, mkia wa jike ufungwe bendeji na sehemu yake ya nyuma ioshwe kwa maji safi. Watu wawe wachache. Anayemshika jike na anayemshika dume wasimame upande mmoja, wote kushoto, ili jambo likiharibika kila mmoja amvute mnyama wake kichwa kumwelekea yeye, na sehemu za nyuma ziende mbali na watu. Mwanafunzi wa kwanza anashika daftari na saa, akisimama mbali mbele ya bega; wa pili anatazama mkia wa dume. Mkia ukipiga juu na chini mara kadhaa, mbegu imetoka. Rudia kila baada ya siku moja mpaka jike amkatae.

Mkono ndani

Hapa ninakuwa mkali, na ninaomba kila mwalimu awe mkali. Wanafunzi wetu wamejifunza kupima mimba kwa ng'ombe, na mkono uliozoea ng'ombe ni hatari kwa farasi. Utumbo wa mwisho wa farasi ni laini na unachanika kwa urahisi. Mchaniko unaoingia ndani ya tumbo kwa kawaida ni kifo.

Kwa hiyo: kucha fupi, pete nje, glavu yenye mafuta mengi kuliko unavyofikiri inahitajika. Jike awe ndani ya kizuizi cha mbao chenye mlango wa nyuma, au ashikwe na mtu anayemjua. Ingiza vidole vikiwa vimekusanyika, toa kinyesi chote kidogo kidogo. Utumbo ukibana, simama. Usisukume, usivute, ngoja ubanaji upite wenyewe, hata ukichukua dakika nzima na bega likikuuma. Ukihisi jike anasukuma kwa nguvu, rudi nyuma naye. Mkono ukitoka, itazame glavu kabla ya kufanya jambo lolote. Damu hata kidogo, sema papo hapo kwa sauti. Mwanafunzi anayesema mara moja anampa mnyama nafasi ya kutibiwa. Ninawaahidi mapema kwamba hakuna atakayegombezwa kwa kusema. Na si zaidi ya wanafunzi wawili kwa jike mmoja kwa siku.

Ekografi, picha ya ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, hufanywa siku ya 14 hadi 16 baada ya yai kutoka. Kifuko cha mimba ni duara jeusi dogo. Mpaka kufikia siku ya 16 hivi bado kinatembea ndani ya mji wa mimba, kwa hiyo tafuta kila pembe, yaani kila tawi la mji huo, ncha hadi ncha, na ukikiona kimoja endelea kutafuta. Mapacha kwa farasi ni msiba: mara nyingi mimba huharibika miezi ya mwisho, na jike mwenyewe huwa hatarini. Siku hizi za mwanzo ndizo ambazo daktari anaweza kuminya kifuko kimoja na kuokoa kingine. Rudia karibu na siku ya 28, utaona moyo ukipigapiga kwenye skrini. Hapo darasa zima hunyamaza, na mimi huwaacha watazame mpaka watosheke.

Chakula, hasa mahindi

Farasi mwenye kilo 450 anahitaji kilo 9 hivi za nyasi kavu kwa siku, na maji lita 25 hadi 50, zaidi akinyonyesha. Nyasi ndiyo chakula. Nafaka ni nyongeza. Hayo yanaeleweka haraka. Linalonisumbua ni mahindi.

Katika mji unaokula bukari (ugali), mahindi yaliyoharibika hayatupwi; yanatafutiwa mnyama. Watu wanakuja na magunia yaliyolowa mvua, yenye punje za rangi ya waridi na ukungu mweupe, wakisema "haya yatafaa farasi." Ukungu huo wa Fusarium hutengeneza sumu ya fumonisini, na farasi anaumia kwa kiasi ambacho ng'ombe angekivumilia. Sumu inayeyusha ubongo wake. Anaanza kuyumba, anazunguka upande mmoja, anabana paji la uso ukutani, haoni, na kwa siku moja au chache anakufa. Hakuna dawa. Kazi ya mwanafunzi ni kufungua kila gunia linaloingia, kuzamisha mkono mpaka katikati, kunusa, kumwaga kiganja cha punje juu ya karatasi nyeupe na kuzitazama moja moja juani. Mahindi ambayo mama yako hangeyasaga kwa bukari yasiingie bandani.

Pumba nayo ina hila yake. Ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na baadhi ya nyasi za nchi za joto zina oksaleti inayofunga hiyo kalsiamu kidogo iliyopo. Farasi anayelishwa pumba miezi mingi huanza kuchukua kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe: anachechemea bila kidonda, kisha uso unavimba pande zote mbili juu ya taya. Kwa jike mwenye mimba ni hasara mara mbili. Mchanganyie chokaa ya mifugo kwa kiasi anachokupimia daktari, na usiichanganye na chokaa ya kujengea, ambayo inaunguza. Kama una kipande cha shamba chenye maji, panda lusene, majani ya malisho yenye kalsiamu nyingi.

Usiku wa kuzaa

Farasi huzaa usiku, mara nyingi. Pangeni zamu tangu kiwele kinapojaa, wiki mbili hadi nne kabla. Chuchu zikitokeza tone kama nta, subiri kati ya siku moja na nne. Tochi ya kichwani yenye betri mpya iwe shingoni mwa kila aliye zamu, kwa sababu umeme ukikatika saa nane za usiku hutakuwa na muda wa kutafuta mshumaa. Kaeni mbali, kimya. Jike anaweza kuchelewesha uchungu akiona watu.

Maji yakipasuka, tazama saa. Mtoto anapaswa kuwa nje ndani ya dakika 20 hadi 30. Unachotaka kuona ni utando mweupe unaong'aa, ndani yake kwato moja ikitangulia kidogo, ya pili nyuma yake, nyayo zikitazama chini, na pua ikilala juu ya magoti. Ukiona mfuko mwekundu mzito kama makhameli, kondo limeachana mapema na mtoto hapati hewa: chana mara moja, msaidie atoke, na mwite daktari huku mikono ikiendelea kufanya kazi. Katika mambo yote ya usiku huo, hili peke yake halisubiri ruhusa.

Baada ya hapo mikono irudi nyuma. Kitovu kikatike chenyewe mama au mtoto anaposimama, kisha kizamishwe kwenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.5. Halafu ni saa tu: mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo litoke ndani ya saa 3. Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ni ya lazima siku hiyo hiyo, kwa sababu farasi hampi mtoto kinga kupitia damu akiwa tumboni, na utumbo wa mtoto hufunga mlango wake kwa kinga hiyo ndani ya saa 24. Kondo likipita saa 3 bila kutoka, usilivute, mwite daktari.

Likitoka, usikubali litupwe. Litandaze kwenye sakafu ya saruji, lioshe, litafanana na herufi F. Pitisha vidole kwenye kila pembe mpaka ncha. Kipande kinachobaki ndani mara nyingi ni ncha ya pembe isiyokuwa na mtoto, nyembamba, na kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha kuleta homa na kuharibu kwato za mama. Mwanafunzi wa Mvula, jike wetu wa rangi ya kahawia, aliigundua ncha hiyo haipo akiwa amepiga magoti kwenye saruji kabla jua halijatoka. Mvula alitibiwa asubuhi ile na kwato zake hazikuguswa.

Kumfunza mtoto

Siku za mwanzo, mshughulikie mama. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa 2005 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa brashi kwa upole katika siku 5 za mwanzo, bila wao wenyewe kuguswa, waliwakaribia watu kwa urahisi zaidi baadaye. Nami ndivyo ninavyoona bandani. Mpige mama brashi, mtoto atakuja kunusa kiwiko chako. Mwache anuse.

Hatamu ya kwanza iwe laini, ya kamba, isiyo na chuma cha mdomoni. Usimvute mtoto kwa mbele. Atasimama kwa miguu ya nyuma na kuanguka chali, kichwa kikitangulia. Pitisha kamba ya pili nyuma ya mapaja, na mwombe asogee kwa kuigusa hiyo, mkono wa mbele ukimwonyesha njia tu.

Kabla ya hapo ninawafunza wanafunzi wenyewe. Mmoja anafumba macho na kushika hatamu kwa mikono miwili, mwenzake anashika kamba na kumwongoza uwanjani bila kusema neno. Anayeongozwa anajifunza haraka sana mkono mbaya unavyohisiwa: unaobana hata baada ya yeye kutii. Farasi hujifunza pale mbano unapoondoka. Akisogeza hata unyayo mmoja, legeza, ndani ya sekunde hiyo hiyo. Ukichelewa umemfundisha jambo jingine. Papa hasemi zaidi ya maneno mawili, "Wacha kamba," na anayasema siku nzima.

Kwato nazo anza mapema. Teremsha mkono kutoka begani mpaka juu ya kifundo, bonyeza kidogo, pokea mguu akiutoa, uurudishe chini wewe kabla hajaunyang'anya. Fanya pande zote mbili, kushoto na kulia, dakika chache tu, kisha mwache aende.

Kuzungushwa kwa kamba ndefu na tandiko ni kazi ya farasi wa miaka 3 na kuendelea, mifupa ikiwa imekaza. Hiyo mwanafunzi aifanye kwa farasi mzima aliyekwisha funzwa.

Mtoto huachishwa kati ya miezi 4 na 6. Apate mwenzake wa kukaa naye siku hiyo. Dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na usubi na kuua wengi mvua zinapokaribia kuisha, wanyama wote waingie bandani kabla ya jua kuzama na watoke baada ya jua kuchomoza. Wakubwa wachanjwe kiangazi, ila jike aliye katika theluthi ya kwanza ya mimba asichanjwe. Mtoto asubiri mpaka apite miezi 6, kinga ya dang'a ikiwa imeisha mwilini. Tarehe hiyo iandikwe kwenye jalada la daftari kwa wino mwekundu, pamoja na jina la dume, uzito wa kondo na upande ambao mtoto anakataa kushikwa, kisha daftari lenyewe akabidhiwe mwanafunzi wa mwaka unaofuata mkononi, mbele ya banda la jike huyo.